Kiingereza kwa Kila Mtu: Neno "If" na Barua Iliyosomwa Vibaya



Juma lililopita niliwaahidi kwamba leo tungeendelea na maneno madogo yatanguliayo majina, yaani "in", "on" na "at". Naomba mniwie radhi. Ahadi hiyo nitaitimiza juma lijalo. Nimeletewa barua iliyoninyima usingizi, na naona yafaa tuitazame sote pamoja, maana jambo lililompata mwenye barua hiyo laweza kumpata mtu ye yote kati yetu kesho asubuhi.

Mwenye barua ni mkulima, mtu mzima mwenye ekari tatu na watoto wanaosoma. Sitamtaja jina wala mahali akaapo, kwa kuwa ndivyo alivyotaka mwenyewe. Mwaka huu aliomba mkopo wa kununua ng'ombe wa maziwa. Alijaza fomu, akaipeleka kwa mkono wake hata ofisini tarehe 28 Machi, akapewa kipande cha karatasi chenye muhuri wa siku hiyo. Baada ya majuma matano akaletewa jibu lenye sentensi tatu tu, nalo ni hili:

"If your form had reached us by 31st March, the loan would have been approved. Should you wish to appeal, write to us within 30 days. Unless we hear from you by then, your file will be closed."

Mzee huyu Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Akamwita kijana wa jirani aliyemaliza shule. Kijana akaisoma barua mara mbili, kwa sauti nzuri, kisha akasema: "Mzee, hongera. Wasema ikiwa fomu yako ilifika kabla ya tarehe 31 Machi, mkopo umekubaliwa. Tena wasema kwamba yakupasa kutaka jambo fulani, lakini hilo si kitu. Na mwisho wasema wakisikia neno kutoka kwako faili yako itafungwa. Basi usiwasumbue; nyamaza tu."

Mzee akanyamaza. Akatoa shilingi 20,000 za arbuni kwa mwenye ng'ombe, akajenga zizi, akangoja. Alingoja miezi minne. Mwenye ng'ombe alipochoka akamwuzia mtu mwingine, na arbuni haikurudi. Hapo ndipo mzee alipokwenda ofisini, akaambiwa kwamba faili imekwisha kufungwa zamani. Na siku zote hizo ile karatasi yenye muhuri wa tarehe 28 Machi ilikuwa mfukoni mwake.

Msimcheke kijana. Alijua maana ya kila neno la barua ile, moja moja. Ukimwuliza "form" ni nini, atakwambia. "Loan" ni nini, atakwambia. Kosa lake lilikuwa katika namna maneno hayo yalivyofungwa pamoja, na fundo lenyewe ni neno dogo "if" pamoja na ndugu zake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, yasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi. Hata hivyo barua za fedha, za bima na za ardhi mara nyingi hutujia kwa Kiingereza, na hapana barua ya fedha isiyokuwa na sharti ndani yake. Kwa hiyo na tuanze mwanzo.

Sentensi ya sharti ina pande mbili. Upande mmoja hutaja sharti, na upande wa pili hutoa jawabu. "If it rains, we shall plant." Ikinyesha mvua, tutapanda. Waweza kutanguliza upande wo wote: "We shall plant if it rains." Ukianza na sharti, weka mkato katikati, ukianza na jawabu, mkato hauhitajiwi. Mwandishi Rudyard Kipling alitoa shairi mwaka 1910 ambalo jina lake ni neno hilo hilo moja, "If". Lina mistari 32, na masharti yamepangwa moja juu ya jingine mpaka karibu na mwisho kabisa. Jawabu halionekani hata mistari miwili ya mwisho. Mshairi ana ruhusa hiyo. Karani anayeandika taarifa ya kazi hana.

Sasa angalieni sentensi ile ya mvua. Jambo lenyewe bado halijatukia, nasi twajua hivyo, lakini Mwingereza hasemi "If it will rain". Upande wa sharti huacha alama ya wakati ujao, hata kama jambo ni la kesho. Wengi hukosea hapa, na ajabu ni kwamba Kiswahili safi kingetuokoa. Sisi twasema "ikinyesha", wala hatutii -ta- ndani yake. Ni yule mwenye kusema "kama itanyesha" ambaye baadaye huandika "if it will rain". Fuata -ki- yako, na Kiingereza chako kitakuwa sawa.

Lakini -ki- hiyo hiyo ina mtego. Kwetu hutumika penye shaka na pasipo na shaka. Nikikwambia, "Ukifika Nakuru, nipigie simu," huenda nina hakika kwamba utafika, au huenda sina. Maneno ni yale yale. Kiingereza hulazimisha mtu kuchagua. "When you reach Nakuru" maana yake najua utafika. "If you reach Nakuru" maana yake labda utafika, labda gari litakwama njiani. Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa aibu. Nilipokuwa karani kijana nilikopa fedha kidogo kwa mkubwa wangu wa kazi, nikamwandikia kwa heshima nyingi: "If you pay my salary at the end of the month, I shall return the money." Aliniita, akaniuliza kwa upole kama nimesikia habari zo zote kwamba hatalipa mishahara. Nilitaka kusema "ukinilipa", nikasema jambo la kumtilia shaka mwajiri wangu. Neno lililotakiwa ni "when".

Namna hii ya kwanza hutumika pia kwa mambo yaliyo kweli siku zote, na hapo pande zote mbili huwa za wakati uliopo: "If you heat water, it boils." Vitabu vingi huongeza kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100, jambo ambalo ni kweli pwani ya Mombasa. Nairobi, palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 95. Sarufi ya sentensi haina kosa. Sufuria ndiyo isiyokubali.

Haya, twende kwenye namna ya pili. "If I had a tractor, I would plough the whole farm." Ningekuwa na trekta, ningelima shamba lote. Mtu akiona "had" hudhani kwamba msemaji anasimulia mambo ya zamani, ati alikuwa na trekta akaiuza. Sivyo. Asema habari za leo: hana trekta. Kwa nini basi atumie neno la wakati uliopita? Hapa ndipo penye siri ya sura hii yote, na naomba mtulie kidogo. Mwingereza akitaka kuonyesha kwamba sharti lake liko mbali na ukweli, hukirudisha kitenzi hatua moja nyuma. "Have" hurudi ikawa "had". "Know" hurudi ikawa "knew". "Will" ya upande wa jawabu hurudi ikawa "would". Urudi huo ni wa kuukimbia ukweli, wala si wa kuifuata jana. Sisi tuna alama maalum kwa kazi hiyo, nayo ni -nge-. Wao hawana, kwa hiyo waliazima vazi la wakati uliopita wakalivika jambo jingine.

Kuna masalio ya sarufi yao ya kale katika sentensi hizi, yaani "were" mahali pa "was": "If I were you, I would not sign." Ningekuwa wewe, nisingetia sahihi. Katika mazungumzo mtasikia watu wengi, na Waingereza wenyewe wamo, wakisema "If I was you". Katika mtihani na katika barua ya ofisi andika "were", hutalaumiwa na mtu.

Kosa kubwa la watu wetu katika namna hii ni hili: "If I would have a tractor, I would plough." Najua litokako. Kiswahili hufunga -nge- pande zote mbili, kama ng'ombe wawili chini ya nira moja: ningekuwa, ningelima. Mwenye kutafsiri hutaka "would" mbili kwa -nge- mbili. Kiingereza hutoa moja tu, nayo hukaa upande wa jawabu. Upande wa "if" hupewa kitenzi kilichorudi nyuma, basi.

Namna ya tatu ndiyo iliyomwangusha mzee wetu. Tukitaka kusema habari ya jambo ambalo wakati wake umekwisha kupita, waandishi waangalifu wa Kiswahili hutumia -ngali-: "Ningalijua, ningalikuja." Sokoni na hata redioni watu huchanganya -nge-, -ngali- na -ngeli- kama mahindi na maharagwe, na sikusudii kumgombeza mtu. Nasema tu kwamba mwenye kuzitenga katika Kiswahili huona njia wazi katika Kiingereza. "Ningejua, ningekuja" ni ya leo: "If I knew, I would come." "Ningalijua, ningalikuja" ni ya jana: "If I had known, I would have come." Kanuni ni ile ile ya kurudi nyuma. Jambo la jana tayari ni "knew", likirudishwa hatua moja zaidi huwa "had known". Na upande wa jawabu huwa "would have" pamoja na kitenzi. Wazee wetu walikwisha kuifahamu namna hii waliposema kwamba ningalijua huja nyuma. Mlango umefungwa, mtu asimama nje akisema ambayo yangalikuwa.

Kwa hiyo mkiikuta sentensi ya namna hii katika barua, fanyeni jaribio moja: ipindueni. Palipo na ndiyo wekeni siyo, na palipo na siyo wekeni ndiyo, pande zote mbili. "If the rain had not come, the bridge would not have fallen." Pindua: mvua ilikuja, daraja likaanguka. "If he had locked the store, the thieves would not have taken the fertiliser." Pindua: hakufunga ghala, wezi wakachukua mbolea. Sasa chukueni sentensi ya kwanza ya barua ya mzee. "If your form had reached us by 31st March, the loan would have been approved." Pindua: fomu yako haikutufikia kufika tarehe 31 Machi, na mkopo haukukubaliwa. Kijana alisoma maneno "reached" na "approved", yote mawili ni maneno mazuri, akafurahi. Lakini ndani ya "had" na "would have" kulikuwa na hapana mbili.

Wala hapana hizo si habari mbaya tupu. Tazameni jinsi barua ilivyokuwa imeweka wazi sababu ya kumnyima mkopo: ofisi iliamini kwamba fomu ilichelewa. Hawakusema kwamba shamba lake ni dogo au kwamba hana dhamana. Sababu ilikuwa moja, tena ya uongo, na ushahidi wa kuivunja ulikuwa na muhuri wa ofisi yenyewe.

Jambo moja dogo kabla hatujaendelea. Katika barua za kirafiki mtakuta "I'd", ambayo yaweza kuwa "I had" au "I would". Angalieni neno lifuatalo. "I'd known" ni "I had known". "I'd know" ni "I would know". Na msiandike "would of" kamwe, hata mkiiona katika maandishi ya watu waliozaliwa na lugha hiyo. Sikio lao limewadanganya.

Sentensi ya pili ya barua haina "if" hata kidogo, na kwa ajili hiyo ni ya hatari zaidi. "Should you wish to appeal, write to us within 30 days." Kijana alijifunza shuleni kwamba "should" maana yake ni yapasa, na ni kweli, "You should wash your hands" ni yakupasa kunawa mikono. Lakini "should" ikiruka mbele ya mwenye kutenda, tena pasipo alama ya kuuliza mwishoni, huwa ni "if" iliyovaa kanzu ya ofisi. "Should you wish" ni sawa na "if you wish": ukitaka kukata rufani. Maneno mengine mawili hufanya mruko huo huo. "Had I known" ni "if I had known". "Were the bank to refuse" ni "if the bank were to refuse". Wanasheria na watu wa bima huyapenda mno maneno haya, sijui kwa nini. Labda huona kwamba "if" ni neno la watoto. Mkiona "should", "had" au "were" mwanzoni mwa sentensi isiyo swali, simameni, kwa maana hapo pana sharti.

Na sasa "unless". Hili ni "if" lenye hapana ndani yake, na Kiswahili kina neno lake hasa: -sipo-. Usipoziba ufa utajenga ukuta. "Unless you fill the crack, you will build a wall." Angalieni kwamba katika Kiingereza upande wa "unless" hauna "not", kwa kuwa hapana imekwisha kumezwa na neno lenyewe. Mtu akiandika "unless you do not fill the crack" amesema kinyume cha kusudi lake. Kijana alisoma "unless" kana kwamba ni "if", akapata kwamba wakisikia neno, faili itafungwa. Barua ilisema wasiposikia neno. Katika lugha zote mbili tofauti ni ya silabi moja au mbili tu, lakini mmoja amwambia mzee asema, na wa pili amwambia anyamaze.

Yapo maneno mengine ya ukoo huu, nitayapitia upesi. "Provided that" ni "kwa sharti kwamba", na mara nyingi hukaa katikati ya mkataba baada ya ahadi nzuri. Soma kilicho mbele yake kwa makini kuliko kilicho nyuma. "As long as" ni "maadamu". "Even if" ni "hata kama". "In case" wengi hulichanganya na "if", nalo si sawa. "Take the umbrella in case it rains" maana yake chukua mwavuli sasa, isije ikanyesha. "Take the umbrella if it rains" maana yake ngoja kwanza uione mvua.

Mzee aliniuliza swali moja mwishoni mwa barua yake: je, jambo limekwisha? Mimi si mwanasheria, wala sijui watamjibu nini. Siku 30 zimepita, na wana haki ya kumwambia hivyo. Lakini faili iliyofungwa na mtu yaweza kufunguliwa na mtu, na muhuri wa tarehe 28 Machi haujafutika. Nimemshauri atoe nakala ya karatasi ile, aslia aiweke nyumbani, kisha aandike maneno machache haya:

"Dear Sir, I would be grateful if you would reopen my file. My form was received at your office on 28th March, as the enclosed copy shows. Had I understood your letter, I would have written sooner. If you need to see the original slip, I will bring it myself."

Msomaji mwenye jicho kali ataona kwamba sentensi ya kwanza ina "would" mbili, na moja i upande wa "if", jambo nililokataza hapo juu. Hajakosea. "Would" hiyo haikutiwa kwa ajili ya sharti. Maana yake ni kuwa radhi, yaani "ikiwa mtakubali kwa hisani yenu". Katika maombi ya adabu yaruhusiwa, tena yapendeza, na ofisi zote huielewa. Katika sentensi ya trekta haiwezi kukaa, kwa kuwa kukosa trekta si jambo la mtu kuwa radhi au kutokuwa radhi.

Mzee aliipeleka barua hiyo kwa mkono wake siku ya Jumanne, akadai apigiwe muhuri juu ya nakala. Alipigiwa.

Zoezi la juma hili. Andikeni kwa Kiingereza: Usipolipa ada kabla ya mwisho wa mwezi, maji yatakatwa. Ningekuwa na simu yake, ningempigia sasa hivi. Tungalipanda mapema, tungalivuna magunia kumi zaidi. Akija fundi, mpe ufunguo. Katika hii ya mwisho chagueni kati ya "if" na "when", na mwandike sababu ya uchaguzi wenu. Majibu yatatolewa juma lijalo, pamoja na "in", "on" na "at".